Udongo Usio na Lebo

Mwalimu alinifundisha jiografia miaka minne katika shule moja ya wasichana karibu na mji wa Kajiado, na baadaye tukawa majirani Kitengela, ukuta kwa ukuta, kwa miaka tisa. Namwita Mwalimu kwa sababu sikuwahi kumwita kitu kingine, hata nilipoanza kuota mvi zangu mwenyewe. Jambo lenyewe niliseme mapema, nisionekane nalizunguka. Mwanawe wa pekee alifia Maputo na akazikwa huko. Mwalimu alisafiri peke yake kwa siku nne, akarudi na udongo wa kaburi ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, ili aupeleke kwao magharibi mwa Kenya ukazikwe nyumbani. Mimi niliumwaga ule udongo. Sikujua ni nini, ni kweli, lakini hilo neno "sikujua" nimekaa nalo muda mrefu na halijanisaidia kitu.

Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, mimi huanza na mwendo wake. Alikuwa mfupi, kifua mbele, na alitembea akihesabu hatua. Kutoka lango letu mpaka duka la kona zilikuwa mia mbili na kumi. Siku moja alirudi na mkate, amenuna, akaniambia zimefika mia mbili na kumi na tisa.

"Duka halijahama," alisema. "Kwa hivyo ni mimi."

Akatoa chaki mfukoni, akaandika namba hiyo nyuma ya mlango wake. Alikuwa amestaafu miaka mingi lakini chaki haikutoka mfukoni mwake. Sweta zake zote zilikuwa na doa jeupe upande wa kulia, na akifua analiacha, akidai kwamba litarudi tu.

Darasani alikuwa anachora ramani ya Afrika kwa mkono mmoja bila kuinua chaki, akianzia juu kule Moroko, akishuka magharibi, akizunguka kusini, akipanda kwetu, na kurudi alikoanzia huku ametugeukia sisi na anaendelea kuzungumza. Madagaska aliiweka mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi. Kisha anaweka nukta pwani na kumtazama mtu. Ukinyamaza, nukta ilibaki hapo mpaka wiki nyingine, na jina lako aliliandika kando yake. Nukta ya Maputo ilikaa na jina langu wiki tatu. Atlasi za shule zilikuwa za zamani, bado zinauita mji huo kwa jina la Kireno, na mimi nilikariri hilo la Kireno. Mwalimu alikusanya atlasi zote, akakaa nazo Jumamosi na Jumapili nzima, akafuta lile jina kwa kalamu ya wino katika kila moja na kuandika Maputo. Alisema mji wa watu hauwezi kuendelea kuitwa jina la mgeni ati kwa sababu sisi hatujapata atlasi mpya. Nadhani yeye mwenyewe hakuwa amefika hata Arusha wakati huo.

Hilo lilikuwa jambo la kumchekea, na tulimchekea. Mtu aliyejua kina cha bandari zote za kusini hakuwa amevuka mpaka wa Namanga, na barabara yenyewe inapita hapo mlangoni. Alifundisha ufugaji na aliogopa ng'ombe. Shule yetu haikuwa na ua wa maana upande wa nyuma, kwa hivyo ng'ombe walikuwa wanakatiza uwanjani, na Mwalimu akiwaona anaweka mkoba mbele ya tumbo na kusimama kabisa.

"Hii ng'ombe inaniangalia vibaya," alikuwa akisema, na sisi wasichana wa Kimaasai tunaanguka kwa kicheko, mmoja wetu anaenda kumfukuza ng'ombe kwa kandambili.

Alikuwa mtu wa magharibi ambaye ugali wake ulikuwa na mabonge. Alienda kanisani kila Jumapili na kukaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza anaondoka. Akina mama wa kanisa walipokuja kumsalimia nyumbani aliwapa chai nzuri lakini walipotaka kuimba aliwaambia chai itapoa. "Sipendi kuimbiwa," aliniambia baadaye, akiosha vikombe. "Mtu akianza kukuimbia, ujue tayari amekuonea huruma." Nilicheka. Nilidhani ni maneno yake tu.

Alikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa "Umeona nini?" Ukimwambia unafikiri kitu fulani, au umesoma mahali, alikuwa anasubiri umalize, halafu anauliza hivyo hivyo: umeona nini? Tukiwa kidato cha pili alikuwa anatusomea kitabuni kwamba wafugaji huhamahama bila mpango wakitafuta malisho. Mimi niliinua mkono. Nilisema baba yangu hahami bila mpango, anatuma mtu kwanza aangalie nyasi na maji, huyo mtu anarudi, wazee wanakaa, ndipo wanahama.

"Umesikia ama umeona?" akauliza.

"Nimeona, Mwalimu."

Akafuta ubao wote. Akaninyooshea chaki. "Kuja uandike."

Niliandika mistari minne, na darasa zima likanakili maneno yangu daftarini. Nimefanya kazi ya serikali karibu miaka ishirini, karani wa faili pale Kajiado, na hakuna barua niliyoandika ambayo niliionea fahari kuliko ile mistari minne.

Swali la pili lilikuwa "Lebo iko wapi?" Kila likizo ilikuwa lazima urudi na udongo wa kwenu, mkebe mmoja, umefungwa vizuri. Mama yangu alicheka sana mara ya kwanza. Aliniuliza kama huko shuleni hawana udongo. Lakini alinichimbia mwenyewe, pale nje ya boma la nyanya yangu, akanipa katika mkebe wa majani ya chai. Lebo ilikuwa na mistari mitatu: mahali, tarehe, aina. Mwalimu alisoma lebo kabla hajafungua mkebe. Asiyekuwa na lebo alitumwa nje akaumwage udongo wake, hata kama ametoka nao Turkana.

"Udongo bila lebo ni uchafu," alisema. "Mwaga."

Kuna msichana aliyelia siku moja, kwa sababu alikuwa ametoka mbali kweli. Mwalimu alimwacha alie na mkebe ulimwagwa. Alikuwa mkali namna hiyo, na siwezi kumsafisha hapo. Lakini siku ya wazazi ni yeye aliyekwenda kumlaki mama wa yule msichana pale langoni, akimsalimia "Takwenya!" kwa Kimaasai, akiivuta ile sauti ya mwisho mpaka mama akajibu "Iko!" huku amejifunika mdomo kwa kanga.

Salamu zetu alijifunza polepole. Kwetu mtoto humwinamishia mkubwa kichwa naye humgusa utosini. Mara ya kwanza nilipomwinamia, Mwalimu alinipiga kikofi kidogo cha kichwani kama mtu anayejaribu tikiti maji. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anajua kuuweka mkono na kuuacha hapo kidogo. Hata nilipokuwa mtu mzima, mwenye nyumba ya kupanga na watoto wawili, nilikuwa namwinamia asubuhi tukikutana langoni, mimi nikielekea Kajiado kazini wakati majirani wengine wote wanaelekea Nairobi. Aliniita "msichana" mpaka mwisho.

Mwanawe nilimfahamu kidogo. Alikuwa fundi wa friji, mrefu, mpole, tofauti kabisa na mama yake, na Krismasi moja alinitengenezea friji yangu na kukataa hata soda. Aliondoka kwenda kusini kwa barabara hii hii ya Namanga, akafanya kazi Tanzania, akashuka zaidi, akaishia Maputo kwenye hoteli zenye mitambo ya barafu. Mwalimu alimzungumzia kama anavyozungumzia hali ya hewa. Ukimuuliza kijana hajambo, anakujibu: "Yuko Maputo. Huko saa hii ni baridi." Au: "Yuko Maputo. Mvua zao zinaanza mwezi wa kumi." Alisema hivyo miaka mitano. Na baada ya kijana kufa aliendelea kusema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Yuko Maputo. Mimi niliitikia na kuendelea na mambo yangu. Hakudanganya mtu.

Alipotuambia anasafiri, majirani wote wa plot walifurahi. Mwalimu, kwa ndege, peke yake, siku nne! Tulimtania kwamba huko kusini nako kuna ng'ombe. Tulidhani anamtembelea kijana, na pia anauona mwishowe mji alioufundisha miaka yote. Nilimpeleka mpaka stendi nikimbebea begi. Lilikuwa jepesi mno, nikamwambia hajabeba nguo za kutosha. Akaniambia mtu hubeba kulingana na kazi anayoenda kufanya.

Aliporudi tulikaa uani kumsikiliza, akina mama sita na vikombe. Alisimulia vizuri kama alivyofundisha. Siku ya kwanza alishuka kwa miguu mpaka ghuba, akapima kwa macho upana wake, akaona meli zinasubiri zamu. Akaona ngome ya Wareno, kuta nyekundu, mizinga imeelekezwa baharini, na mlinzi anakula ndizi akiwa amekalia mmojawapo. Akaona stesheni ya reli yenye kuba, nzuri kama kanisa. Siku ya pili alionyeshwa nyumba iliyojengwa kwa chuma kitupu, kuta na paa, iliyoletwa na Wareno ili gavana wao akae humo, na gavana akashindwa kukaa kwa joto.

"Walibeba nyumba ya mabati kutoka Ulaya," alisema Mwalimu, "wakashangaa iko na joto. Si wangekuja Kitengela wakauliza?"

Tulicheka mpaka mmoja wetu akamwaga chai. Akaeleza vijia vilivyopambwa kwa mawe madogo meupe na meusi, na jinsi mawe yaling'oka pale mizizi ya miti ilipoyasukuma. Akaeleza mikate midogo migumu juu na laini ndani, kahawa chungu, na kamba wa baharini aliowekewa kwenye sahani na vichwa vyao, akavifunika kwa karatasi ili wasimwangalie. Siku ya nne aliamka mapema, akanunua majani ya chai ya kwao, akapanda ndege.

Siku ya tatu hakuisimulia. Tulikuwa akina mama sita pale, na mmoja wetu alifundishwa na yeye mwenyewe kuhesabu na kuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Kitu kingine alichosimulia ni kwamba alipitisha udongo uwanja wa ndege. Mkebe aliuviringisha ndani ya sweta. Yeye, aliyekuwa akitusomea kwa sauti kanuni za kuhamisha mimea na udongo kutoka nchi moja hadi nyingine! Nilimtania kwamba sasa amekuwa mtu wa magendo. "Ndiyo," akasema. "Andika hiyo pia." Ule mkebe wa maziwa aliuweka kwenye rafu, safu ya juu, mwisho kabisa kushoto, pamoja na mikebe ya shule aliyostaafu nayo. Nadhani aliuweka hapo kwa sababu hapo ndipo alipozoea kuweka udongo.

Baada ya safari hiyo alibadilika kidogo sana. Alihesabu hatua bado, lakini nilimwona mara mbili akifika dukani na kusimama, kisha anarudi bila kununua kitu. Chai yake alianza kuinywa baridi. Kanisani aliacha kwenda, akasema ni goti. Goti kweli lilikuwa linamuuma, kwa hivyo sikutafuta sababu nyingine. Nilikuwa na mambo yangu. Nasema hivi bila kujitetea, ndivyo ilivyokuwa.

Januari alilazwa kufanyiwa upasuaji wa goti. Siku moja kabla alinipa ufunguo. Shule moja ya kutwa hapa Kitengela ilikuwa imemwomba ile mikebe kwa maabara yao, naye alikubali.

"Panga hiyo mikebe," aliniambia. "Yenye lebo uwape shule."

Hakusema zaidi. Jumapili nilikwenda na kitambaa na maboksi. Mikebe ilikuwa themanini na kitu. Nilisoma lebo moja moja, mahali, tarehe, aina, mwandiko wa wasichana ambao sasa ni mama za watu, wengine marehemu. Nilikuta mkebe wangu. Ule wa majani ya chai, mwandiko wangu wa kidato cha kwanza, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Nilikaa sakafuni nao. Halafu, sijui nini kilinipata, sikuuweka kwenye boksi. Nilienda nao nyumbani kwangu.

Mikebe miwili haikuwa na lebo. Mmoja karatasi yake ilikuwa imeliwa na mende, na mwingine ulikuwa wa maziwa ya unga. Niliufungua huo wa maziwa. Niliona mchanga laini, mwekundu hafifu, wenye vipunje vya gamba la konokono wa baharini. Mchanga wa pwani. Nilijua mtu mmoja tu aliyekuwa ametoka pwani yoyote, na nilijua mkebe ulivyofika. Niliona vyote hivyo. Lakini mimi ni mtu wa faili, na kanuni niliyofundishwa nikiwa na miaka kumi na minne ilikuwa wazi. Nilitoka na mikebe yote miwili mpaka kwenye ua, nikamwaga.

Anayeijua Kitengela anajua udongo wetu huu mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kukushika viatu, na kiangazi unapasuka nyufa ambazo ukidondosha ufunguo humo umekwenda. Januari ile nyufa zilikuwa pana kama mkono wangu. Mchanga haukukaa juu hata dakika moja, uliteremka wote kama unga kwenye mdomo wa gunia. Nilisuuza ule mkebe wa maziwa, ulikuwa mzuri na mfuniko wake unafunga, nikaweka vibanio vyangu vya nguo.

Ilipofika Aprili mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ninaanua nguo kabla manyunyu hayajarudi, nikasikia fimbo yake. Alikuwa amevaa gauni la safari. Nje ya lango kulikuwa na pikapu, na ndani yake shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mzee mwenye kofia aliyekuja mara moja kwa mwaka.

"Msichana, uko?"

"Niko, Mwalimu." Nikainamisha kichwa, akaniwekea mkono.

"Naenda nyumbani. Nimetafuta ule mkebe wa maziwa kwa rafu, sijauona. Uko nao?"

"Mkebe niko nao."

"Basi lete."

Nilisimama na shati la mtoto mkononi. "Mkebe niko nao, Mwalimu. Lakini ile udongo nilimwaga."

Hakushtuka. Aliniangalia kama alivyokuwa akimwangalia mtu aliyekosea nukta. "Ulimwaga wapi?"

"Hapo kwa ua. Januari, ukiwa hosipitali."

"Kulikuwa na nyufa?"

"Zilikuwa. Uliingia wote."

Akatikisa kichwa polepole. "Haikuwa na lebo," alisema, na hakuwa anauliza.

"Haikuwa, Mwalimu."

"Basi ulifanya vile nilikufundisha."

Ningependa angenipiga kwa ile fimbo. Nilimletea stuli, akakaa, akanyoosha goti. Halafu akanieleza ile siku ya tatu, akitazama ua, bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Ilikuwa ya kaburi ya kijana yangu. Alikufa wiki mbili kabla waniambie. Homa. Walikuwa wamemzika, hawakujua watapigia nani. Kuna mtu wa huko kaskazini mwao anajua Kiswahili kidogo, walifanya kazi pamoja, huyo ndiye alinipigia. Huyo ndiye alinipeleka. Ni mbali, nje ya mji. Kaburi hazina majina, ziko na namba kwa bati. Kutoka kwa lango mpaka kwake ni hatua elfu moja mia mbili na sita. Kurudi sikuhesabu."

Nilisema pole. Lilikuwa neno dogo na lilianguka hapo hapo.

"Nilichota na kijiko ya hoteli. Usiku nikakaa na kalamu niandike lebo. Mahali nilijua. Tarehe nilijua. Aina ndiyo ilinishinda."

Nilingoja nilie. Machozi hayakuja. Kitu pekee nilichokuwa nawaza ni kwamba udongo wangu mwenyewe, ule wa boma la nyanya, uko salama ndani kwenye kabati la vyombo.

Shemeji yake aliingia kuuliza kama tuko tayari. Mwalimu alimwomba angoje. Ni yule mzee aliyenieleza mengine, kwa maneno machache: nyumbani wazee walikuwa wamebishana miezi yote hiyo. Wengi walitaka gogo la mgomba lizikwe, kama inavyofanywa mtu akipotea asionekane. Mwalimu alikataa. Alisema mwanawe hakupotea, anajua alipo, kwa hatua. Sasa walikuwa wamekubali udongo, shimo limechimbwa kando ya baba yake, na watu wanangoja kesho.

"Leta jembe," Mwalimu aliniambia. "Na huo mkebe."

Niliingia ndani nikamwaga vibanio kitandani. Nilipotoka alikuwa amesimama kwenye ua, anagusagusa ardhi kwa fimbo. Nyufa zilikuwa zimefunga zote. Nikamwonyesha mahali. Nilichimba, tope jeusi likishika jembe, nikichunguza kila bonge nione kama kuna wekundu. Hakukuwa na wekundu. Nilipofika kiasi cha mkono akaniambia inatosha.

"Mwalimu, sioni kitu."

"Ulisahau hii udongo nilikufundisha nini?"

Sikuwa nimesahau. Kidato cha tatu. Udongo mweusi unajipindua wenyewe. Kiangazi, wa juu unaanguka chini kupitia nyufa, mvua ikija unavimba na kusukuma wa chini juu, mwaka baada ya mwaka, bila jembe la mtu. Nilimjibu hivyo, kama mwanafunzi, nimepiga magoti kwenye tope.

"Inachukua miaka ngapi?" akauliza.

"Hukutuambia, Mwalimu."

"Sikuwa najua," alisema. "Jaza."

Nikajaza mkebe mabonge meusi mpaka juu, naye akayashindilia kwa kiganja. Akanituma karatasi na kalamu. Akaniambia niandike mimi, nikaandika nimeweka karatasi juu ya mfuniko. Mahali: Maputo. Kisha akasema niongeze na Kitengela. Tarehe akanitajia, ya siku ile ya tatu. Nilipofika kwenye aina nikasubiri. Akanitajia majina matatu ya mwanawe, la kanisani, lake na la baba yake, akinitamkia herufi moja moja kama imla, na mimi nikayaandika kwenye mstari wa aina.

Shemeji aliupokea mkebe kwa mikono miwili. Akauangalia. Akaangalia magoti yangu.

"Mama, hii mbona ni nyeusi? Huko kwa bahari si ni mchanga?"

Mwalimu huyu aliwahi kunipa sifuri kwa kubuni kipimo cha mvua ambacho sikukipima. Nilimwona akitafuta neno. "Iko ndani," alisema.

Mzee akamrudishia Mwalimu mkebe. Nilimsindikiza Mwalimu mpaka kwenye pikapu, nikainama, na alipouweka mkono utosini ulikuwa bado na tope, nikalisikia baridi. Hakuniambia amenisamehe na mimi sikumwomba. Alifunga mkanda, akaweka mkebe mapajani, akatazama mbele.

Hakurudi kukaa Kitengela. Nyumba yake ilichukuliwa na watu wengine wenye mbwa. Tuliongea kwa simu mara tatu, akaniuliza watoto wamefika darasa la ngapi, akaniambia mvua ya kule, na mwaka jana mwishoni akafa, akazikwa kando ya mumewe na mwanawe. Sikwenda. Ningeweza kwenda.

Lile shimo nililifukia siku ile ile. Sasa kila kiangazi nyufa zikifunguka huwa nainama pale kwenye ua asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikiangalia kama kuna mchanga mwekundu umepanda juu. Mkebe wangu wa majani ya chai niliuleta nje mwaka huu, nimeuweka hapo kando, mtupu, udongo wa nyanya nimeshaumwaga kwenye nyufa, na lebo mpya nimeshaiandika, yenye yale majina matatu. Mchanga bado sijauona.